Ng'ombe Wasiotikisa Ngano

Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimefundisha hesabu darasa la sita na la saba miaka mingi, na mwalimu wa hesabu haamini jibu mpaka aonyeshwe njia. Jambo hili nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko unavyodhani, nikitafuta ni wapi nilikosea. Sijapaona. Mume wangu yuko hai, amekaa hapo nje ukutani anaota jua, na anajua ninachokusimulia. Ningekuwa naongeza chumvi angeshaingia kunikataza.

Ilikuwa enzi za mashamba makubwa ya ngano ya serikali, kule Hanang. Tulikuwa na miezi minne tu tangu tufunge ndoa kanisani kwetu, huku milimani Mbulu. Paskali, mume wangu, alikuwa fundi baiskeli pale mjini. Kabla hajanioa aliendesha trekta kwenye hayo mashamba ya ngano kwa misimu miwili, kisha akaacha. Nilipomwuliza kwa nini aliacha kazi yenye mshahara, alisema vumbi lilimwumiza kifua. Nikaridhika. Nani asingeridhika? Mtu akikwambia kifua kinamwuma, utampima?

Sasa, bibi harusi ni lazima aonyeshwe kwa ndugu, na ndugu zake Paskali wametawanyika. Yuko binamu Dongobesh, mwingine Haydom, shangazi Basotu, na kaka yake mkubwa Mogitu. Mafuta yalikuwa shida miaka ile. Ukisubiri gari la abiria unaweza kumaliza likizo ya Juni umekaa juu ya mzigo wako kando ya barabara. Ndipo Paskali akaniundia baiskeli ya kike kutokana na baiskeli tatu zilizokufa, fremu ya hii, magurudumu ya ile, na tandiko alilolishona upya kwa ngozi ya mbuzi. Jioni alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, wanafunzi wamejazana kwenye uzio wakipiga kelele, "Mwalimu anaanguka! Mwalimu anaanguka tena!"

Mama mkwe hakufurahi. "Mwanamke juu ya baiskeli siku tano," alisema. "Mtaniletea nini huku, wajukuu au vidonda?"

Tulicheka, tukaondoka.

Niseme ukweli, siku mbili za kwanza ndizo siku nilizompenda kuliko zote. Tulisukuma baiskeli kwenye milima, tukateremka huku breki zinalia, baridi ya Juni inakata masikio. Paskali alikuwa akitangulia na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya besi. Tukipata pancha, tulikaa chini, yeye anabandika kiraka, mimi namshikia solesheni, tunakula viazi vya kuchemsha. Dongobesh walituchinjia kuku. Haydom walitupa maziwa mgando mpaka tukashindwa kuinama. Nilidhani nimeshamjua mume wangu mzima mzima.

Asubuhi ya siku ya tatu tulianza kubishana. Kutoka Haydom kwenda Basotu kulikuwa na njia mbili. Moja ilizunguka kupitia vijijini, ndefu na yenye mawe. Nyingine ilikata katikati ya mashamba ya ngano, tambarare yote. Mimi mapaja yalikuwa yanawaka moto. Nikasema tupite ya ngano.

"Ile haina maji," alisema Paskali.

"Tutabeba maji."

"Ina upepo."

"Upepo uko kila mahali."

"Walinzi wanasumbua watu."

"Wewe si ulikuwa mtu wao?"

Alikuwa anatoa sababu moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi ambaye hakufanya zoezi. Ningekuwa makini ningeona. Lakini nilitaka njia fupi, nikashikilia, mpaka akasema, "Haya, mwalimu. Umeshinda." Akafunga mizigo kwenye keria. Kwa hiyo ujue, mimi ndiye niliyetupeleka kule.

Kama hujawahi kuona ngano ile, sijui nikueleze vipi. Kwetu milimani kila shamba lina mpaka wake, mti wake, njia yake ya ng'ombe. Kule hakuna. Ni ngano mpaka inagusa mbingu, imeanza kuiva, na upepo unaisukuma yote upande mmoja. Barabara imenyooka kama imepigwa kwa rula. Kitu pekee kinachokwambia uko wapi ni Mlima Hanang, umesimama mbali upande wa kushoto. Tuliendesha saa nyingi hatukukuta mtu. Paskali alikuwa mbele, na siku hiyo hakuimba.

Watu wakisimulia mambo haya husema ilikuwa usiku, mwezi umejificha. Sisi ilikuwa saa nane mchana. Jua kweupe. Nilisikia njuga za ng'ombe.

Nilishangaa kwanza, kwa sababu ng'ombe hawakuruhusiwa kuingia humo hata kidogo. Mfugaji akikamatwa ilikuwa kesi kubwa. Lakini ng'ombe walitoka kwenye ngano upande wa kushoto, wakaanza kuvuka barabara mbele yetu. Tukafunga breki, tukashuka, tukasubiri. Mbele yao alikuwa fahali mweusi, pembe yake ya kulia imepinda kushuka chini hadi karibu na jicho. Nyuma yake majike, mitamba, ndama, kundi kubwa la kutamanisha.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo ndama walilala upande mmoja na sisi watoto upande wa pili. Harufu ya ng'ombe naijua kabla sijamwona ng'ombe mwenyewe. Pale hapakuwa na harufu. Vumbi la barabara lilikuwa limetufika kwenye rimu, laini kama unga, lakini hao ng'ombe hawakuliamsha. Halafu nikatazama ngano. Ilikuwa inanifika kifuani. Ng'ombe walikuwa wakitoka ndani yake upande huu na kuingia ndani yake upande ule, na ngano haikutikisika kwa ajili yao. Iliinama kwa upepo tu, yote upande mmoja, kana kwamba hakuna kitu kinachopita.

Nikajiambia ni jua. Wewe ungejiambia nini?

Mwisho wa kundi akatokea mzee. Mrefu, mwembamba, shuka nyeusi begani, fimbo mkononi, bangili za shaba zimepanda kwenye mkono. Mbarbaig, mfugaji wa nyanda zile. Nilipokuwa mtoto tulitishwa kwa hao watu, kwamba ukilia watakuja kukuchukua. Hata hivyo mkubwa ni mkubwa, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Hakunitazama hata. Alisimama katikati ya barabara akamtazama Paskali, akasema maneno machache kwa Kibarbaig, lugha ambayo mimi sikuijua, ila Paskali alijifunza kule mashambani. Hakukasirika wala hakupaza sauti. Alisema kama mtu anavyomkumbusha jirani jambo ambalo jirani analijua. Kisha akawafuata ng'ombe wake, akaingia kwenye ngano. Njuga hazikufifia kidogo kidogo kama inavyokuwa kundi likienda mbali. Zilikatika ghafla, kama redio iliyochomolewa betri.

Nilimgeukia Paskali. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedeli.

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Twende."

"Paskali, nimemsikia. Amesema nini?"

"Twende, mwalimu!"

Kabla sijapanda nilitazama chini. Nyuma yetu alama za matairi yetu zilionekana wazi, mistari miwili kwenye vumbi. Mbele yetu, mahali walipovuka ng'ombe wote wale, hapakuwa na alama ya kwato hata moja.

Tukaendesha. Sijawahi kuendesha vile. Barabara imenyooka, mlima uko kushoto, upepo uko usoni. Baada ya kama nusu saa nikaona mistari miwili ya matairi mbele yetu katikati ya barabara, na mahali pamoja pamekanyagwa na watu wawili. Alama ya raba zangu ilikuwepo, kisigino kilichochanika. Tulikuwa tumerudi palepale. Hatukukata kona yoyote! Mlima haukuondoka kushoto! Paskali alipaona, akakaza pedeli akapita. Nusu saa nyingine, tukapafikia tena. Safari hii nikashuka, nikalaza baiskeli yangu vumbini.

"Siendi tena," nilisema. "Mpaka uniambie."

Na yeye akalaza baiskeli yake. Kisha akakaa chini, palepale barabarani, na mume wangu ambaye sijawahi kumwona akilia alilia.

Aliniambia hivi. Msimu wake wa mwisho wa trekta walipewa eneo jipya la kulima, ambako wafugaji walikuwa wamehamishwa. Humo mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wabarbaig mzee wao wa heshima hawamfukii tu wakaondoka. Wanamjengea kichuguu kirefu cha udongo uliokandwa na samadi, wanakipamba kwa matawi, na watu hukusanyika kwa miezi kadhaa. Madereva wenzake wakikuta kitu kama hicho walizunguka, wakaacha kisiwa cha majani katikati ya shamba.

"Mimi sikuzunguka," alisema. "Ilikuwa jioni. Nilikuwa nimechoka, na kugeuza trekta yenye plau ile ni kazi. Nilijua ni nini, mwalimu. Usidhani sikujua. Nilinyoosha tu. Asubuhi nikarudi kuangalia, hakuna aliyeweza kujua kama palikuwa na kitu. Wiki hiyo hiyo nikaacha kazi."

"Na huyu mzee amesema nini?"

Alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Amesema, 'Wewe unapajua kwangu. Watoto wangu hawapajui.'"

Labda unafikiri niliogopa. Uoga ulikuja baadaye, kitandani, miezi mingi. Pale barabarani nilikuwa na hasira. Miezi minne nilikuwa nalala na mtu aliyebeba kitu hiki, na mimi namwekea dawa ya kifua kwenye chai! Halafu hasira ikageuka ikanielekea mimi. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimewaogopa watu wale, na sikuwahi hata siku moja kuwafikiria kama watu walio na makaburi.

"Basi tukawaonyeshe," nilisema.

"Wataniua."

"Labda. Lakini umeona mwenyewe, barabara hii haitupeleki kwingine."

Alikunywa maji, akanisaidia kuinua baiskeli. Hatukuendesha hata dakika ishirini, niamini, tukaona Ziwa Basotu linang'aa mbele yetu.

Shangazi yake Paskali alikuwa mjane, anaishi karibu na ziwa, anauza samaki na mahindi. Alitupokea kwa vigelegele. Tulipokwisha kula, Paskali akamweleza. Shangazi akampiga kofi la bega, kofi la kweli.

"Umelala na jambo hili mwaka mzima, na mimi kila wiki nakaa na mjane wa mzee huyo!" alisema. "Anakuja hapa kubadilisha maziwa yake kwa mahindi. Wako ng'ambo ya ziwa. Walirudi kutafuta kaburi la mzee wao mara tatu. Miti imeng'olewa, vilima vimesawazishwa, wakazunguka wee kwenye ngano mpaka walinzi wakawafukuza. Kesho alfajiri tunakwenda. Na usinywe chai kwanza, uende na njaa."

Tukaenda. Boma lao lilikuwa la miiba, jipya, dogo kwa watu waliokuwa na mali. Alitoka mama mtu mzima, amevaa sketi ya ngozi ya shanga iliyochakaa kwa kuvaliwa, na nyuma yake wanawe wawili. Paskali alibaki amesimama mbele yao akasema yote kwa lugha yao, jioni ile, trekta, uchovu wake, bila kutafuta pa kujificha. Shangazi alininong'oneza kwa Kiswahili. Kabla hajamaliza, mwana mkubwa alikuwa ameinua fimbo. Nilimwona misuli ya shingo imemsimama. Nikasema moyoni, basi, nitarudi Mbulu mjane kama shangazi.

Yule mama aliinua kiganja. Mwanawe akasimama hapohapo.

Hakumwuliza Paskali kitu. Alinigeukia mimi, mgeni nisiyejua hata salamu yao, akauliza kupitia kwa shangazi, "Na wewe uliwaona? Aliyetangulia alikuwa yupi?"

"Fahali," nikasema. "Mweusi. Pembe ya kulia imepinda, imeshuka mpaka kwenye jicho." Nikaonyesha kwa kidole.

Mama akajifunika uso kwa mikono miwili. Wanawe wakatazamana. Ikabidi nimwulize shangazi kuna nini, na hata yeye sauti ilikuwa imebadilika.

"Huyo walimchinja siku ya maziko," alisema. "Mzee amezikwa ndani ya ngozi yake."

Sasa niambie wewe. Mimi ni mtu wa Mbulu. Sikuwa nimewahi kukanyaga boma la Barbaig, na Paskali alimkuta mzee ameshazikwa. Nani angenieleza habari ya pembe ile?

Tulirudi kwenye ngano siku hiyo hiyo, watu sita, kwa miguu. Niliogopa kwamba Paskali hatapajua, maana kote ni sawa. Akanieleza kwamba dereva wa trekta hulima akitazama alama iliyo mbali, vinginevyo mstari unapinda. Jioni ile alikuwa ameshikilia bega la Mlima Hanang, mahali linapoungana na kilima kidogo mbele yake. Alitembea akitazama mbele, anarudi hatua, anakwenda tena, huku sisi tunafuatana nyuma yake tukitenga ngano kwa mikono tusiivunje. Mwishowe akasimama.

"Hapa."

Mwana mkubwa alipiga magoti akachimba kwa mikono. Chini ya udongo ule mweusi wa shamba ulitokea mwingine wa kijivu, mgumu, uliokandwa. Aliumega, akaunusa, akampa mama yake. Mama akaupokea kama unavyopokea mtoto.

Alimimina maziwa kutoka kwenye kibuyu. Kisha akakaa chini, ngano ikamfunika mpaka kichwani, akaanza kuongea. Sikuhitaji kutafsiriwa. Ilikuwa sauti ya mke anayempa mume habari za nyumbani baada ya safari ndefu: nani amezaa, nani ameugua, ng'ombe yupi amekufa. Aliongea mpaka jua likageuka. Hakuna aliyemharakisha, na walinzi hawakutokea.

Tulipokuwa tunaondoka, mwana mkubwa alimwendea Paskali. Alisema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Sijakusamehe. Lakini msimu ujao watalima tena hapa, na alama itapotea. Utakuja kutuonyesha."

"Nitakuja," alisema Paskali.

Na alikwenda. Mogitu tulifika tumechelewa siku mbili, kaka yake akafoka, tukasingizia pancha. Lakini kila mwaka, ngano ikishaota, mume wangu alifunga mizigo kwenye keria akaenda siku tatu kwa baiskeli, milima yote ile, akasimama akatazama bega la mlima, akasema "Hapa," akarudi siku tatu. Mara nyingi nilikwenda naye. Nilikwenda nikiwa na mimba ya kwanza, mama mkwe nusura azimie. Tulipita barabara ileile ya ngano, na haikutupoteza tena, wala sikusikia njuga. Kuna mwaka tulipofika, mwana yule alitangulia mwenyewe mbele yetu, akatazama mlima, akasimama palepale. "Sasa napaona," alisema. Na siku hiyo alitukaribisha bomani, tukanywa maziwa kwenye kibuyu kimoja.

Mashamba yale yamekwisha kubadili wamiliki tangu wakati huo. Mama yule amefariki. Paskali ni mzee, magoti hayamruhusu tena kupanda baiskeli. Lakini kuna jambo moja halijamwacha. Tangu tuliporudi safari ile, hawezi kula ngano. Mkate, chapati, andazi, chochote, anasema kina ladha ya udongo. Siku ya harusi ya binti yetu walimlisha kipande cha keki mbele ya watu wote. Alikitafuna, akatabasamu, akapigwa picha. Kisha nikamwona anakwenda nyuma ya ukumbi taratibu, akainama. Nilimfuata na maji.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza, nisikilize na hapa. Sikukatazi kupita mashamba ya watu wala sikwambii uogope Wabarbaig. Lakini kama unajua alipolala mtu, na wenyewe hawapajui, usikae na jambo hilo. Nenda ukawaonyeshe, hata kama wewe ndiye uliyepaharibu, hata kama watakuinulia fimbo. Na ukiwa njiani ukaona ng'ombe wanapita, tazama kwanza majani. Yasipotikisika, shuka kwenye baiskeli, kaa chini, na useme kweli kwa yule uliye naye. Ukikaza pedeli utarudi palepale.